Faili lisilofutika: kwa nini kompyuta ya zamani inagoma, na ufanye nini

Mtu akilalamika kwamba kuna faili limekataa kufutika kwenye kompyuta yake, majibu hayakawii. Mmoja atamwambia ni virusi. Mwingine atamshauri ashushe programu ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa. Wa tatu, mara nyingi fundi mwenye haraka, atasema dawa ni kupiga Windows upya. Ushauri huo wa mwisho ndio unaoumiza, kwa sababu watu wanapoteza picha, kazi za shule na hesabu za duka ili kuondoa faili moja ambalo lingeondoka kwa dakika tano.

Tatizo hili linaonekana zaidi kwenye mashine za Windows XP na Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Bado zinachapa barua na kutoa kopi kwenye stesheneri nyingi tu. Mwenye mashine kama hiyo anastahili maelezo yanayoeleweka, si kitisho.

Kwanza tujue kufuta ni nini hasa. Chukua gesti. Kuna vyumba, na kuna daftari pale mapokezi linaloonyesha chumba kipi kina nani. Diski ndiyo jengo lenye vyumba, na taarifa zako zimo vyumbani. Majina ya mafaili unayoyaona ukifungua folda ni mistari ya daftari. Ukifuta faili, Windows haiendi chumbani kutoa vitu. Inakwenda mapokezi, inakata mstari ule, na kuandika kwamba chumba kiko wazi kwa mgeni mwingine. Ndiyo maana sinema iliyochukua dakika kadhaa kunakiliwa inafutika papo hapo, na ndiyo maana fundi mzuri anaweza kukurudishia faili ulilofuta jana: mstari umekatwa, vitu bado vimo chumbani.

Kwa hiyo kufuta ni kazi ya daftari. Faili likigoma, karani wa mapokezi ana sababu, na sababu zenyewe ni chache. Huenda ufunguo wa chumba uko mikononi mwa mtu. Huenda wewe huna mamlaka ya kugusa daftari. Huenda jina lenyewe haliandikiki. Huenda ukurasa umechanika. Au kalamu imekauka, haiandiki tena. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haigusi nyingine. Mkanganyiko wote unatokana na kuzichanganya, na Windows yenyewe imechangia: kuna ujumbe mmoja wa XP unaokuambia kwa pamoja kwamba umekataliwa, kwamba uhakikishe diski haijajaa wala kuzuiwa kuandikwa, na kwamba faili lisiwe linatumika. Hapo mtu wa kawaida ashike lipi?

Kabla ya yote, tuweke kando imani kwamba Shift na Delete kwa pamoja zina nguvu kuliko Delete peke yake. Ukibonyeza Delete, faili linahamishiwa kwenye kapu la taka, na kufutwa kwenyewe kunatokea ukimwaga kapu. Shift inaruka tu hatua ya kapu. Haimnyang'anyi mtu ufunguo.

Ufunguo uko nje

Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Programu inapofungua faili, inaiambia Windows ni nini wengine wanaruhusiwa kulifanyia wakati huo: kulisoma, kuliandika au kulifuta. Programu nyingi haziruhusu kufuta. Basi hata kama faili ni lako, limo kwenye folda yako, na kompyuta umenunua wewe, karani hatakata mstari hadi ufunguo urudi. Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ina desturi nyingine: inakata jina mara moja na kumwacha mgeni amalize shughuli zake, kisha chumba kinaachiwa. Windows za zamani zinasubiri.

Ukiona faili bado lipo hata baada ya kulifuta, na kila ukiligusa unaambiwa umekataliwa ingawa wewe ndiye msimamizi wa mashine, huenda liko katikati ya kusubiri huko. Amri ya kufuta imepokelewa, ila kuna programu moja haijaliachia. Funga programu hiyo, na faili litatoweka lenyewe.

Ugumu ni kujua nani kashika ufunguo. Windows 7 ina kifaa cha kazi hiyo ndani yake, na inashangaza jinsi kisivyojulikana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, kisha Enter. Dirisha la Resource Monitor litafunguka. Nenda sehemu ya CPU, teremka hadi Associated Handles, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika sehemu ya jina la faili lako. Subiri kidogo. Itakuja orodha ya programu zote zilizolishika. Kwa kawaida utakuta kitu unachokifahamu: Word iliyojificha nyuma ingawa dirisha lake umelifunga, kicheza muziki, programu ya kushushia mafaili, au antivirusi inayolikagua. Hifadhi kazi zako, ifunge programu hiyo, ufute.

XP haina kifaa hicho, na ina tatizo lake ambalo lilisumbua watu miaka mingi: video za AVI, hasa zilizoshushwa nusu. Ukifungua folda yenye video, XP inajaribu kusoma urefu wake na ukubwa wa picha ili ikuonyeshe. Ikikuta video imekatika, inaendelea kutafuta mwisho usiokuwepo, na muda wote huo imeshika faili. Aliyeshika ufunguo ni Explorer, yaani programu ile ile inayokuonyesha folda na ambayo umeiagiza ifute. Utafunga kila kitu na bado utaambiwa faili linatumika.

Dawa yake ni ya zamani na bado inafanya kazi, kwenye XP hata kwenye Windows 7. Tuseme video inaitwa harusi.avi na imo kwenye folda ya Video katika diski D. Fungua dirisha jeusi la amri kwa kubonyeza Windows na R na kuandika `cmd`. Ndani yake andika:

`cd /d D:\Video`

Liache wazi, funga programu nyingine zote. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itatokea. Kwenye orodha ya Processes tafuta explorer.exe, ichague, bonyeza End Process. Usishtuke: mstari wa chini wa skrini na alama zote zitapotea, kwa sababu Explorer ndiyo inayozichora. Dirisha jeusi litabaki. Rudi humo uandike:

`del "harusi.avi"`

Hakuna ujumbe utakaokuja, na kimya hicho ndicho jibu la kwamba limefutika. Kumbuka kwamba `del` haipiti kwenye kapu la taka, basi hakikisha jina kabla ya kubonyeza Enter. Kurudisha skrini, nenda kwenye Task Manager, menyu ya File, chagua New Task, andika `explorer`. Kila kitu kitarudi mahali pake.

Njia hiyo ikishindikana, kuna Safe Mode. Zima kompyuta, iwashe, na kabla nembo ya Windows haijatokea bonyeza F8 mara kwa mara hadi orodha ije. Katika hali hiyo Windows inawaka na vitu vichache tu vya lazima, hivyo wengi wanaoshikilia mafaili hawapo kabisa. Kuzima na kuwasha kwa kawaida pia kunasaidia, ila programu inayojiwasha pamoja na Windows itakuwa imeshachukua ufunguo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Kuna mafaili mawili makubwa yanayowavutia watu wenye diski ndogo: pagefile.sys na hiberfil.sys. Hayo ni ya Windows yenyewe na yako kazini muda wote. La kwanza liache. La pili ni la kuhifadhi hali ya kompyuta inapolazwa usingizi mzito, na katika Windows 7 huchukua kama robo tatu ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), yaani karibu GB 3 kwa mashine ya GB 4. Kama hutumii usingizi huo, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike `powercfg -h off`. Faili litaondoka lenyewe, na nafasi utaipata.

Faili linalofufuka

Hapa ndipo maneno ya uchawi yanapoanza. Unafuta, linaondoka, unachomoa flashi, unairudisha, faili lipo. Kuna visa viwili vinavyofanana kwa nje na havihusiani hata kidogo.

Kisa cha kwanza ni virusi kweli, na hasa vile vilivyosambaa sana kwa flashi katika stesheneri na vyuo vyetu: folda zako zinafichwa, na badala yake zinawekwa njia za mkato (shortcut) zenye majina yale yale. Ukifuta njia hizo zinarudi baada ya sekunde chache, kwa sababu kirusi chenyewe kiko hai kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kinaandika upya kila unachofuta. Kupambana na faili hapo ni kujichosha. Mzime anayeliandika kwanza. Vingi vya aina hii huendeshwa na wscript.exe, basi itafute kwenye Task Manager na uifunge. Angalia pia sehemu ya Startup ndani ya `msconfig`, maana huko ndiko kinakojipandikiza ili kirudi ukiwasha mashine. Ukishakizima, futa njia za mkato, kisha rudisha folda zako zilizofichwa. Kama flashi ni G, andika:

`attrib -h -r -s /s /d G:\*.*`

Kisa cha pili hakina kirusi. Hapa ndipo kalamu imekauka. Flashi ina umri. Sehemu zake za kuhifadhi zinachakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na chipu inayoisimamia ikiona hali imekuwa mbaya hujifunga isiandikwe tena, ili angalau yaliyomo yasomeke. Nyingine zinasema wazi kwamba zimezuiwa kuandikwa. Nyingine zinakuonyesha kwamba umefuta, kumbe kilichobadilika kiko kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, na flashi haijapokea chochote. Ukiichomeka kwenye mashine nyingine kabisa na mafaili yote ya zamani yapo, usitafute antivirusi wala usihangaike kuiformati. Nakili vyako haraka ununue nyingine. Ila kama ni kadi ya SD ya kamera, angalia kwanza kiswichi kidogo cha ubavuni. Huenda kimesogea kwenye upande wa kufunga wakati unaichomeka.

Huna mamlaka

Kwenye diski zilizopangwa kwa mfumo wa NTFS, ambao XP na Windows 7 huutumia kwa kawaida, kila faili lina mwenyewe na orodha ya nani anaruhusiwa kufanya nini. Mwenyewe hatambuliwi kwa jina bali kwa namba ndefu. Ndiyo maana ukitoa diski kwenye kompyuta iliyokufa na kuifunga kwenye nyingine, mafaili yako mwenyewe yanakukatalia. Hata kama akaunti zote mbili zinaitwa Mama Neema, namba zake ni tofauti, na Windows inakuona mgeni. Wanunuzi wa kompyuta za mitumba wanakutana na hili pia, mashine ikija na folda za mmiliki wa kwanza.

Msimamizi wa kompyuta anaweza kujimilikisha faili. Kwenye Windows 7 tafuta `cmd` kwenye menyu ya Start, bofya kulia, chagua Run as administrator. Hatua hiyo ni ya lazima: tangu Windows Vista, hata akaunti ya msimamizi hufanya kazi kama ya kawaida hadi uombe mamlaka waziwazi. Kisha, kwa mfano wa folda iitwayo Zamani:

`takeown /f "D:\Zamani" /r /d y`

`icacls "D:\Zamani" /grant Administrators:F /t`

Ya kwanza inakufanya mwenyewe, ya pili inakupa ruhusa zote. Baada ya hapo futa. Kwenye XP Home sehemu ya Security inayobadilisha mambo haya haionekani mpaka uingie Safe Mode, na watu wengi hudhani haipo.

Lakini kama ujumbe unasema unahitaji ruhusa ya TrustedInstaller, ondoa mkono. Hilo si jina la kirusi, ingawa nimesikia likisemwa hivyo mara nyingi. Ni huduma ya Windows yenyewe inayomiliki mafaili ya mfumo ili yasifutwe kwa bahati mbaya. Yeyote anayekuelekeza uifute folda ya System32 ili kompyuta iwe nyepesi anakuharibia mashine.

Jina lisiloandikika

Kulikuwa na ujumbe ukisambazwa kwa barua pepe kwamba hakuna binadamu anayeweza kuunda folda iitwayo CON kwenye Windows, na kwamba hata Bill Gates hawezi kueleza sababu. Sababu ipo. MS-DOS ya mwaka 1981, mfumo uliotangulia Windows, haikuwa na folda kabisa, na vifaa vilipewa majina ili programu ziviandikie kama mafaili: CON ni kibodi na skrini, PRN ni printa, NUL ni shimo lisilo na mwisho, na kuna AUX, COM1 hadi COM9, na LPT1 hadi LPT9. Folda zilipokuja na toleo la pili mwaka 1983, programu za zamani zilitakiwa ziendelee kufanya kazi popote zilipo, hivyo majina hayo yakabaki yametengwa ndani ya kila folda. Windows ikarithi.

Sasa, faili lenye jina hilo linaweza kuingia kwenye diski kwa mlango wa nyuma, likiandikwa na Linux au na programu inayojua kuzunguka sheria. Ukijaribu kulifuta, Windows inadhani unazungumzia kifaa, si faili. Vivyo hivyo jina linaloishia kwa nafasi tupu au nukta: Windows inaikata ile alama ya mwisho, inatafuta jina lililobaki, na kukwambia faili halipo huku unaliona kwa macho yako.

Mfano ambao huenda uko kwenye flashi yako sasa hivi ni folda iitwayo autorun.inf isiyofutika. Zamani virusi vilienea kwa faili la jina hilo, kwa sababu Windows ililisoma flashi ikichomekwa tu. Baadhi ya programu za kinga zikaweka folda ya jina hilo hilo na kutia ndani yake kitu chenye jina lililokatazwa, ili kirusi kisipate nafasi. Haina madhara, na mimi ningeiacha. Ukitaka kuiondoa:

`rd /s /q "\\?\G:\autorun.inf"`

Alama zile `\\?\` zinaiambia Windows ilichukue jina kama lilivyo bila kulitafsiri. Kwa faili moja tumia `del` badala ya `rd`, na uandike njia nzima ya faili, yaani kuanzia herufi ya diski hadi jina lake, kwa mtindo huo huo.

Jina pia linaweza kukataa kwa urefu. Katika Windows hizi, njia nzima kuanzia D:\ hadi mwisho wa jina haipaswi kufika herufi 260. Folda iliyonakiliwa ndani ya folda ndani ya folda huvuka mpaka huo kimyakimya. Usihangaike na faili la chini kabisa: badili jina la folda ya juu liwe herufi moja, kwa mfano a, kisha ya pili yake, hadi njia ifupike. Halafu futa.

Daftari limechanika

Flashi ikichomolewa ikiwa inaandikwa, au umeme ukikatika kompyuta ikiwa kazini, mistari ya daftari inaharibika. Dalili utaziona: majina yenye alama za ajabu, faili la GB 3 kwenye flashi ya GB 2, tarehe ya mwaka 2090. Diski za mfumo wa FAT, unaotumika kwenye flashi nyingi, zinaweza kuandika miaka kuanzia 1980 hadi 2107, hivyo takataka ikisomwa kama tarehe inatoa mwaka wowote humo katikati. Hayo si mafaili, ni ukurasa ulioraruka.

Nakili kwanza vyote vinavyosomeka. Kisha, kwenye dirisha la amri, andika `chkdsk G: /f`, amri inayokagua na kutengeneza daftari, ukiweka herufi ya diski yako. Ikiwa ni C, itakuomba ifanye kazi hiyo ukiwasha upya, jibu Y. Vipande visivyo na mwenyewe huwekwa kwenye folda iitwayo FOUND.000, na ukishahakikisha humo hamna kitu chako unaweza kuifuta. Kwa diski ya ndani inayotoa mlio wa kugongagonga usiendeshe chkdsk hata kidogo, maana kila usomaji unaisogeza karibu na kufa. Okoa vitu vyako kwanza.

Ukiwa umepita kote huko na faili bado lipo, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi. Puppy Linux inatosha kwa mashine yenye RAM ndogo. Windows ikiwa imelala, hakuna aliyeshika ufunguo, sheria za umiliki hazifuatwi, na CON ni jina kama jina jingine. Kwa sababu hiyo hiyo haitakuuliza hata ukifuta faili la mfumo, basi soma jina mara mbili. Na kabla ya kuanza, zima Windows kabisa kwa Shut Down. Ukiiacha kwenye ule usingizi mzito wa hiberfil.sys, Linux itaikuta diski kama iliyoachwa katikati ya kazi na itakataa kuandika chochote juu yake.